Oili chafu haitibu ukurutu wa mbwa

*Kila mwenye mbwa ana dawa anayoiamini: oili ya gereji, mafuta ya taa, dawa ya kuogeshea ng'ombe, krimu ya binadamu. Nyingi humdhuru mnyama kuliko ugonjwa alionao, na kosa huanzia mahali pamoja: dawa huchaguliwa kabla ugonjwa haujajulikana.*

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Ni Jumamosi asubuhi katika gereji moja ya wazi pembeni mwa Barabara ya Morogoro, eneo la Kimara. Kijana anayelinda nyumba ya jirani anaingia na chupa ya maji iliyokatwa shingo.

"Shikamoo fundi. Naomba oili chafu kidogo."

"Marahaba. Ya mbao au ya mbwa?"

Fundi hashangai wala hahoji zaidi. Oili inayomwagwa kutoka kwenye injini ina wateja wa aina mbili mtaani. Wapo wanaopaka mbao na nguzo za uzio ili zisiliwe na mchwa, na wapo wanaopaka mbwa walioshikwa na ukurutu. Wote huchota kwenye pipa lilelile, mara nyingi bila kulipa chochote.

Hatua chache kutoka hapo, mbwa amefungwa kwenye mwembe. Manyoya ya masikio na viwiko yamekwisha, ngozi imekakamaa na kupasuka, na kila baada ya muda anageuka kujing'ata tumboni. Kijana anachovya tambara lililofungwa kwenye ncha ya fimbo na kumpaka kuanzia shingoni hadi mkiani. Kazi haichukui hata dakika kumi. Mbwa akishafunguliwa anajilaza kivulini na kuanza kujilamba.

Kilichopakwa nje sasa kinaingia tumboni.

Kuwashwa kumoja, magonjwa mengi

Mbwa anayejikuna na kupukutika manyoya anaweza kuwa na ugonjwa mmoja kati ya mingi. Magonjwa hayo hufanana kwa macho, lakini tiba zake ni mbalimbali.

Wa kwanza ni upele unaoletwa na utitiri uitwao *Sarcoptes scabiei*. Jike la utitiri huu huchimba njia ndani ya tabaka la juu la ngozi na kutaga mayai humo. Ndani ya wiki tatu hivi, yai limekuwa utitiri mzima ulio tayari kutaga. Ugonjwa huanzia kwenye kingo za masikio, viwiko, visigino vya miguu ya nyuma na tumbo, na muwasho wake humnyima mbwa usingizi.

Upele huu huenea haraka kutoka mbwa mmoja hadi mwingine, na humpata pia mtu anayemshika mbwa mgonjwa. Mtu huota vipele vinavyowasha mikononi na tumboni. Kwa kuwa utitiri wa mbwa hauwezi kujenga makazi ya kudumu kwa binadamu, vipele hivyo hutoweka mbwa akitibiwa. Asipotibiwa, watoto wanaocheza naye wataendelea kujikuna.

Wa pili unaletwa na *Demodex canis*, utitiri mwembamba unaoishi kwenye vishimo vya manyoya. Karibu kila mbwa anao kidogo, na aliupata kwa mama yake katika siku za mwanzo za kunyonya. Huu hauambukizi watu. Huleta ugonjwa pale kinga ya mwili inaposhuka kwa sababu ya utoto, lishe duni, minyoo, maradhi mengine au urithi. Mabaka yasiyo na manyoya hutokea kuzunguka macho, mdomoni na kwenye miguu ya mbele. Hali ikiwa mbaya husambaa mwili mzima, bakteria huingia, ngozi hutoa usaha na kunuka.

Kuna mbwa wenye mzio wa mate ya viroboto. Kwao viroboto wachache tu wanatosha kuwafanya wajing'ate kiuno hadi shina la mkia. Kuna choa, ugonjwa wa fangasi unaoacha mabaka ya duara na unaohamia kwa watoto kirahisi. Kuna vidonda vya kupe, funza wa nyayoni, maambukizi ya bakteria, mzio wa chakula na hata matatizo ya homoni ambayo hayahusiani na mdudu yeyote.

Hata daktari mzoefu hawezi kuyatenganisha yote haya kwa kumtazama mbwa akiwa mlangoni. Anayetoka gereji na chupa mkononi ameshaamua kuwa ni kitu kimoja.

> Dawa inayoua utitiri haiui fangasi, na inayotuliza mzio huweza kuuchochea ukurutu.

Kinachopita kwenye ngozi

Oili ya injini si ileile baada ya kutumika. Joto huichoma na kuzalisha hidrokaboni ambazo baadhi yake husababisha saratani, na vyuma vinavyosagana huacha ndani yake chembe za metali nzito. Majaribio ya maabara yalikwishaonyesha kuwa panya wanaopakwa oili iliyotumika mara kwa mara huota uvimbe wa saratani kwenye ngozi. Ndiyo sababu mafundi magari hushauriwa kuvaa glavu na kunawa kwa sabuni kila wanapoishika.

Tabaka la juu la ngozi ya mbwa ni jembamba kuliko la binadamu. Kwa mbwa mwenye ukurutu, hata hilo jembamba limepasuka na kutoka damu. Kinachopakwa hapo hakikai juu, kinapenya na kuingia kwenye mzunguko wa damu, kisha ini na figo hubeba mzigo wa kukisafisha.

Kinachobaki juu hulambwa. Mbwa huharisha, hukataa chakula, hutapika. Kutapika ndiko kunakotisha zaidi, kwa sababu mafuta ya jamii ya petroli yanayorudi juu ni rahisi kuteleza na kuingia kwenye njia ya hewa. Yakifika kwenye mapafu husababisha nimonia inayoweza kuua. Mafuta ya taa na dizeli ni mepesi kuliko oili, hivyo hatari hii ni kubwa zaidi kwayo, na juu ya hayo huunguza ngozi yenyewe.

Liko pia suala la joto la mwili. Mtoto wa mbwa aliyelowa mafuta mwili mzima hushindwa kujitunzia joto usiku. Mbwa mkubwa aliyepakwa akawa mweusi, kisha akafungwa juani, huchemka mchana.

Na utitiri? Ulio juu huenda ukakosa hewa na kufa. Uliochimbia ndani, na ule unaoishi kwenye vishimo vya manyoya, hubaki.

Dawa ya josho kwa kizibo cha soda

Wasioamini oili huenda duka la pembejeo. Huko kuna dawa za kuogeshea ng'ombe, na mwenye mbwa mmoja hana haja ya chupa nzima. Humiminiwa kidogo kwenye kichupa kisicho na lebo, huambiwa achanganye na maji, na hesabu huishia hapo.

Dawa iitwayo amitrazi ni mfano mzuri, kwa sababu ni dawa ya kweli. Madaktari wa wanyama wameitumia kwa miaka mingi kutibu ukurutu wa mbwa. Lakini dawa ya josho yenye asilimia 12.5 ni kali, na huzimuliwa kwa mililita 2 tu kwa kila lita 1 ya maji kupata sehemu 250 kwa milioni. Kizibo cha chupa ya soda hubeba zaidi ya maradufu ya kiasi hicho. Anayemimina vizibo viwili au vitatu kwenye kopo la maji ameshavuka kipimo mara nyingi, na daktari angeangalia pia umri wa mbwa, uzito wake na vidonda alivyonavyo. Watoto wa mbwa na mbwa wa aina ndogo sana kama Chihuahua hawaivumilii.

Sumu ya amitrazi humfanya mbwa apepesuke na kulala kupita kawaida, mapigo ya moyo yapungue, mwili upoe na sukari ya damu ipande. Mwenye mbwa anaweza kudhani mnyama amepata nafuu ya muwasho na sasa anapumzika.

Dawa za wadudu za jamii ya oganofosfati na kabamati hufanya kinyume chake. Hizi huvuruga mawasiliano ya neva: mbwa hutokwa mate mengi na machozi, hukojoa na kuharisha bila kujizuia, hutetemeka, hupumua kwa shida. Zimo kwenye baadhi ya dawa za josho, dawa za mazao na unga wa kuua wadudu. Tiba ya sumu hizi si ile ya amitrazi, hivyo daktari asiyeletewa chupa wala jina la dawa huanza kazi akiwa gizani.

Balaa jingine limejificha hapo. Mbwa anayetokwa mate, anayetetemeka na kuyumba barabarani hufanana machoni pa watu na mwenye kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kichaa hicho huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote wakiambukizwa na mbwa, kwa hiyo hofu ya wananchi si ya bure. Mbwa aliyewekewa sumu na bwana wake mwenyewe anaweza kumalizwa kwa mawe na majirani.

> Kizibo si kipimo. Chupa isiyo na lebo si dawa.

Sindano ya ng'ombe kwa mbwa wa kilo nane

Ivamektini ni miongoni mwa dawa zilizobadilisha maisha ya watu na mifugo. William Campbell na Satoshi Ōmura walipewa Tuzo ya Nobeli ya Tiba mwaka 2015 kwa kazi iliyoizaa. Katika maduka ya dawa za mifugo hupatikana kama sindano yenye nguvu ya asilimia 1, na kwa ng'ombe kipimo ni mililita 1 kwa kilo 50 za uzito.

Kwa kipimo hicho, mbwa wa kilo 8 angehitaji chini ya mililita 0.2. Bomba la sindano la mililita 10, ambalo wengi hulitumia kwa mifugo, haliwezi kupima kiasi hicho kwa uhakika. Hapo ndipo mbwa mdogo anapopewa dozi ya ndama.

Hata kipimo kikiwa sahihi, wapo mbwa wasiostahili kuipata. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, walieleza hitilafu ya jeni inayofanya dawa hii ipenye hadi kwenye ubongo wa mbwa. Imeenea sana kwa mbwa wa aina ya Collie, na imo pia kwa baadhi ya German Shepherd. Nyumba nyingi za mijini hufuga chotara wa German Shepherd kwa ulinzi, na hakuna anayeweza kuitambua hitilafu hiyo kwa kumtazama mbwa. Aliye nayo, akidungwa dozi ya kutibu ukurutu, huyumba, hupoteza kuona, huzimia na anaweza kufa.

Kabati la dawa za watu

Wengine hawaendi mbali. Hufungua kabati la nyumbani.

Krimu za ngozi za mchanganyiko, zile zenye dawa ya bakteria, ya fangasi na steroidi ndani ya mrija mmoja, hununuliwa bila cheti na kupakwa mbwa. Steroidi hutuliza muwasho upesi, na mwenye mbwa hufurahi. Lakini kazi yake ni kupunguza kinga, na kinga ndiyo inayouzuia utitiri wa *Demodex* kuzaana. Baada ya wiki kadhaa mabaka mawili yamekuwa kumi.

Marhamu ya Whitfield, inayojulikana kwa kutibu fangasi za binadamu, ina asidi ya salisili na asidi ya benzoiki. Mtu hawezi kujilamba kisogoni. Mbwa hufikia sehemu kubwa ya mwili wake kwa ulimi. Krimu zenye zinki zikilambwa kwa wingi huvunja chembe nyekundu za damu. Dawa ya upele ya benzili benzoeti, maarufu kama BBE, huchoma ngozi iliyochubuka, na ikipakwa mwili mzima inaweza kuwa sumu. Kwa paka ni hatari zaidi.

Paka anastahili kutajwa peke yake. Dawa za viroboto zenye permethrini ambazo mbwa huzivumilia zinaweza kumuua paka wa nyumba hiyohiyo, hata kwa kulala karibu na mbwa aliyepakwa na kumlamba. Familia nyingi hupoteza paka bila kujua alikufa kwa nini.

Dawa ya kung'arisha nguo, maarufu kama jiki, na sabuni za unga huunguza. Hata shampuu ya kawaida ya binadamu haikutengenezwa kwa ajili ya mbwa: ngozi ya mtu ina tindikali zaidi, na ya mbwa iko karibu na katikati ya kipimo. Kumwogesha mara kwa mara kwa bidhaa hizo hukausha ngozi na kuongeza muwasho uleule unaotafutiwa tiba.

Mmea nao una sumu yake

Wapo wanaosema dawa za asili hazina madhara. Utupa unawajibu. Majani ya mmea huu yamekuwa yakitwangwa kuua samaki mtoni na kuogeshea mifugo yenye kupe, na yote mawili hufanya kazi kwa sababu ndani yake mna sumu. Kinacholevya samaki hadi waelee hakiwezi kuitwa salama kwa mtoto wa mbwa kwa kuwa tu kimechumwa porini.

Tumbaku na ugoro vina nikotini, inayopita kwenye ngozi na kuvuruga moyo na neva. Utomvu wa mshubiri huharisha ukilambwa. Kitunguu saumu na kitunguu maji, ambavyo baadhi ya watu huvichanganya na chakula ili kufukuza viroboto, huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa. Mafuta ya mwarobaini yana uwezo fulani wa kufukuza wadudu, lakini yakiwa mazito huwasha ngozi na yakilambwa hutapisha.

Mafuta ya nazi ndiyo afadhali kati ya yote. Hulainisha ngozi iliyokauka, na mbwa akiyalamba kidogo hayamdhuru. Lakini hayaui utitiri, na kila wiki inayopita katika kungoja ni wiki ambayo ugonjwa unasonga mbele.

"Mbona wa kwangu alipona?"

Hili ndilo jibu atakalopewa yeyote anayekosoa oili chafu, na linastahili kujibiwa kwa heshima. Watu hawajatunga. Wapo mbwa waliopakwa na manyoya yakarudi.

Sababu ya kwanza ni kwamba mabaka madogo ya *Demodex* kwa watoto wa mbwa hupona yenyewe mara nyingi, kinga inapokomaa, ndani ya wiki au miezi michache. Mbwa wa aina hiyo angepona hata kama angepakwa uji. Sifa huiendea oili kwa sababu ndiyo iliyokuwapo.

Ya pili: anayeamua kumtibu mbwa kwa kawaida hufanya na mengine. Humbadilishia matandiko, humwongezea chakula, humpa dawa ya minyoo. Lishe na usafi huinua kinga, na kinga hurudisha manyoya.

Ya tatu: oili huziba hewa na kuua sehemu ya utitiri wa juu, muwasho hupungua kwa siku kadhaa, na mwenye mbwa huhesabu hiyo kuwa tiba. Upele ukirudi mwezi unaofuata huitwa ugonjwa mpya, na chupa huenda tena gereji.

Ya nne ni ngumu kuisema lakini ni ya kweli: waliokufa hawasimuliwi. Mbwa aliyelala siku mbili bila kula na kufa wiki moja baadaye huandikiwa kuwa aliuawa na ukurutu. Figo zake hazikupimwa na mtu.

> Oili husifiwa kwa mbwa waliopona. Waliokufa huhesabiwa kwenye ugonjwa.

Hoja ya mfuko na umbali

Ingekuwa rahisi kuwaita wanaopaka oili wakatili. Wengi si hivyo. Anayemfunga mbwa wake na kumpaka dawa jua likiwaka anamjali kuliko yule aliyemtelekeza dampo.

Kinachowapeleka gereji ni mambo matatu. Kwanza, daktari wa wanyama wadogo hapatikani kila mahali. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na huduma za mifugo nchini zimejengwa kuzunguka ng'ombe, mbuzi na kuku, wanyama ambao ndio uchumi wa kaya. Kliniki za mbwa na paka zimejikusanya mijini. Aliye Kilwa au Kasulu humfikia bwana mifugo wa kata, ambaye hapewi gari la umma, na mbwa ni wa mwisho kwenye orodha yake.

Pili, mbwa wengi hawana bei. Alizaliwa mtaani, akaokotwa, analala nje na kula mabaki. Mwenye nyumba huona ajabu kumlipia matibabu yanayozidi gharama ya kumpata mwingine. Mara nyingi anayeishi na mbwa huyo ni mlinzi wa mshahara mdogo, na anayepaswa kulipa ni tajiri asiyemtazama mbwa kwa karibu.

Tatu, katika nyumba nyingi, hasa za pwani, mbwa hashikwi kwa sababu za dini au mazoea. Hulinda, hulishwa, lakini hashikwi. Ugonjwa wake huonekana ukiwa umeshakomaa, na tiba inayopendwa ni ile inayoweza kumwagwa au kupakwa kwa fimbo kutoka mbali.

Hoja hizi ni za kweli, na kampeni yoyote inayozipuuza itashindwa na pipa la gereji. Lakini haziibadilishi oili kuwa dawa. Zinaonyesha tu kwamba elimu peke yake haitoshi bila huduma iliyo karibu na yenye bei inayobebeka.

Sheria ipo, mizani haipo

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amlinde dhidi ya mateso yasiyo ya lazima. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 iliunda Baraza la Veterinari, linalosajili madaktari wa wanyama na kusimamia wasaidizi wao. Dawa za mifugo ziko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na viuatilifu vya mimea vina mamlaka yake, TPHPA.

Pengo liko kaunta. Muuzaji anayemiminia mteja dawa ya josho kwenye chupa ya maji ya kunywa amevunja kanuni ya kwanza ya uuzaji wa sumu, kwamba isitenganishwe na lebo yake. Chupa hiyo itawekwa jikoni au chini ya kitanda, na mtoto ataikuta. Hapa ndipo wakaguzi wangeanzia, kwa sababu kinachomdhuru mbwa leo kinaweza kumdhuru mtoto kesho.

Kipimo cha dakika chache

Kinachokosekana katika simulizi nyingi za ukurutu ni hatua moja ndogo. Daktari hukwangua ngozi kwa wembe butu hadi damu ichungulie, huweka ukwanguzi kwenye kioo pamoja na tone la mafuta, na kuutazama kwa hadubini. *Demodex* huonekana kwa urahisi. *Sarcoptes* ni mjanja zaidi na huweza kukosekana hata ukiwapo, hivyo daktari hutazama pia mahali ugonjwa ulipoanzia na kama watu wa nyumbani wanajikuna. Kwa kazi hii hakuna haja ya hospitali kubwa. Hadubini ya kawaida inatosha.

Ugonjwa ukijulikana, tiba za sasa ni rahisi kuliko zamani. Kuanzia mwaka 2013 zilianza kuidhinishwa Marekani dawa za kumeza za kundi la isoksazolini, zinazoua kupe na viroboto na ambazo zimethibitika kuumudu utitiri wa aina zote mbili. Kidonge kimoja hufanya kazi kwa mwezi, na aina nyingine kwa karibu miezi mitatu. Hazina haja ya kumshika mbwa, kumwogesha wala kumpaka. Nazo si za kutoa ovyo: mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha kuwa zinaweza kusababisha kutetemeka au degedege kwa baadhi ya mbwa. Bei yake ni kubwa kuliko ya oili inayotolewa bure, lakini ukijumlisha chupa za dawa ya josho, krimu na miezi ya kurudia, tofauti hupungua.

Ukishampaka tayari

Kwa aliyekwishafanya kosa, haya ndiyo ya kufanya mara moja:

- Mzuie mbwa asijilambe. Vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi kabla ya kumgusa.
- Kama ni oili ya injini, ilainishe kwanza kwa mafuta ya kula, kisha muoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, mara kadhaa. Usitumie petroli, dizeli wala thina kuiondoa.
- Kama ni dawa ya josho au ya wadudu, muoshe kwa maji mengi na sabuni, mkaushe na umfunike asipoe.
- Usimtapishe. Usimmiminie maziwa wala mafuta kooni, hasa akiwa amelegea.
- Mpeleke kwa daktari pamoja na chupa, lebo au jina la ulichotumia, kiasi na saa uliyompaka. Usisubiri hadi kesho akitetemeka, akipepesuka au akihema kwa shida.
- Choma au fua kwa maji ya moto matandiko yake. Wengine waliogusana naye, mbwa kwa watu, nao waangaliwe.

Kuhusu huduma iliyo karibu, njia ipo. Halmashauri nyingi huwapanga watu na mbwa wao kwenye foleni ya chanjo ya kichaa, hasa kuelekea Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mbwa tayari wako hapo, wataalamu wako hapo. Kuongeza wembe, vioo na hadubini moja kwenye meza hiyo kungewafikia maelfu ya mbwa ambao hawatapelekwa kliniki maishani mwao. Huo ni mzigo mdogo kwa idara ya mifugo, na wakurugenzi wa halmashauri waanze kuupangia bajeti.

Kwa mwenye mbwa, ushauri ni mfupi zaidi. Kama leo huna fedha ya daktari, mpe mbwa chakula cha kutosha, dawa ya minyoo na mahali pakavu pa kulala, kisha mwulize bwana mifugo wa kata yako. Hayo hayatamponya kila mbwa, lakini hayatamuua hata mmoja. Oili chafu iache gereji.